Kupima Nyota Maradufu Hatua kwa Hatua: Mwongozo Kamili wa Masi, Ukubwa na Joto la Alpha Centauri

Rijili Kantori, ambayo wengi huijua kwa jina la Alpha Centauri, huonekana kwa macho matupu kama nukta moja yenye rangi ya manjano hafifu upande wa kusini wa anga, na kwa mwangaza hushika nafasi ya tatu miongoni mwa nyota zote za usiku, nyuma ya Sirius na Canopus. Nukta hiyo moja ni nyota mbili, A na B, zinazozungukana kila baada ya miaka ipatayo 80, na ipo pia ya tatu iliyo ndogo na hafifu, Proxima Centauri, iliyo mbali na hizo mbili. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kupata masi, kipenyo, mwangaza halisi na joto la kila moja ya hizo mbili kuu, kwa kutumia kikokotoo cha kawaida chenye kitufe cha vipeo.

Nimechagua nyota maradufu kwa sababu maalumu. Nyota iliyo peke yake inaweza kupimwa umbali, rangi na mwangaza, lakini masi yake hukisiwa tu kwa kuilinganisha na nyota nyingine, kwani hakuna kitu kinachoizunguka ambacho mwendo wake ungetufichulia nguvu ya mvutano wake. Nyota mbili zinazozungukana hupimana zenyewe. Karibu yote tunayoyajua kuhusu masi za nyota yamejengwa juu ya jozi za namna hii, na kwa hiyo anayezifuata hesabu zake mwenyewe anafika kwenye msingi wa elimu yote ya nyota.

Hatua ya kwanza: kuitambua angani

Nyota hii iko takriban digrii 61 kusini mwa ikweta ya anga. Kutokana na hilo, mtazamaji aliye kaskazini zaidi ya latitudo ya digrii 29 hivi hawezi kuiona kabisa, aliye kwenye ikweta huiona ikipanda hadi kimo cha digrii 29 juu ya upeo wa kusini, na aliye kusini zaidi ya digrii 29 za kusini haioni ikitua hata mara moja. Kipindi kizuri cha kuitafuta ni kuanzia Aprili hadi Julai, na katikati ya Juni hufika kimo chake cha juu kabisa yapata saa tatu usiku.

Tafuteni kwanza Msalaba wa Kusini. Mashariki yake kuna nyota mbili angavu zilizokaribiana, na mstari unaopita katikati ya hizo mbili huelekea kwenye Msalaba. Iliyo mbali zaidi na Msalaba, yenye mwangaza mkubwa zaidi na rangi ya manjano, ndiyo tunayoitaka; iliyo karibu na Msalaba, yenye weupe wa samawati, ni Beta Centauri, ambayo iko mbali nasi mara nyingi zaidi na haina uhusiano wowote na mwenzake.

Andikeni mwangaza unaoonekana, kwa kipimo ambacho namba ndogo humaanisha nyota angavu zaidi: A ni 0.01, B ni 1.33, na zikiunganishwa katika jicho huwa −0.27. Namba hizi zitahitajika katika hatua ya sita.

Hatua ya pili: kuzitenganisha

Jicho la binadamu halitenganishi nukta mbili zilizokaribiana kwa chini ya sekunde za tao 60 hivi (sekunde ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 ya digrii), ilhali A na B haziachani kamwe kwa zaidi ya sekunde za tao 22. Ndiyo maana hakuna aliyejua kuwa ni mbili hadi Desemba 1689, pale padri Mjesuiti Jean Richaud, akiwa Pondicherry nchini India na akifuatilia nyotamkia (kometi) kwa darubini, alipoona kwamba nyota hii imegawanyika.

Darubini yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 6 hutosha kwa sasa. Mwaka 2016 nyota hizi zilikuwa zimekaribiana hadi takriban sekunde za tao 4, na tangu hapo mwachano umekuwa ukiongezeka. Utafika takriban sekunde 10 karibu na mwisho wa muongo huu, kisha upungue haraka hadi chini ya sekunde 2 katika miaka ya mwisho ya 2030, ambapo darubini ndogo zitashindwa. Anayetaka kushuhudia mwendo wa nyota maradufu katika maisha yake hatapata fursa bora kuliko miaka hii.

Mwenye kamera anaweza kupima mwachano mwenyewe. Kila doa (pikseli) la kihisio cha kamera huchukua pembe fulani ya anga, na pembe hiyo, kwa sekunde za tao, hupatikana kwa kuzidisha 206.265 kwa upana wa doa katika maikromita, kisha kugawanya kwa urefu wa fokasi wa darubini katika milimita. Kwa mfano, doa la maikromita 3.75 kwenye darubini ya fokasi ya milimita 1,500 ni sekunde za tao 0.516, na hivyo nyota zilizotengana kwa madoa 18 kwenye picha zimeachana kwa sekunde 9.3. Pigeni picha nyingi za muda mfupi sana badala ya moja ndefu, kwa kuwa hewa hutikisa taswira. Chagueni zile chache zilizotulia, pimeni kila moja, kisha tafuteni wastani. Andikeni pia upande ambao B ipo ukilinganisha na kaskazini, kwani pembe ya mwelekeo ni nusu nzima ya kipimo, na mwachano usio na mwelekeo haumsaidii mtu anayechora mzunguko.

Hatua ya tatu: umbali

Dunia inapolizunguka Jua, nyota iliyo karibu huonekana ikisogea kidogo huku na huku mbele ya nyota zilizo mbali sana. Nusu ya msogeo huo wa mwaka mzima huitwa paralaksi. Thomas Henderson, Mskoti aliyefanya kazi katika kituo cha Rasi ya Tumaini Jema, alikusanya vipimo vya nyota hii miaka ya 1832 na 1833, lakini akavitangaza mwaka 1839 tu, miezi michache baada ya Friedrich Bessel kutangaza paralaksi ya nyota nyingine. Henderson alipata zaidi kidogo ya sekunde 1 ya tao. Vipimo vya kisasa, vikiwemo vya antena za ALMA zilizoko katika jangwa la Atacama nchini Chile, vimefika kwenye sekunde za tao 0.7508.

Pembe hii ni finyu mno: ni upana wa milimita 1 ukitazamwa kutoka umbali wa mita 275. Hesabu yake, hata hivyo, ni rahisi. Gawanyeni 1 kwa paralaksi, na jibu ni umbali katika parsek:

1 ÷ 0.7508 = parsek 1.332

Parsek moja ni miaka ya nuru 3.26, kwa hiyo umbali ni miaka ya nuru 4.34. Nuru inayoingia machoni usiku wa leo iliondoka huko zaidi ya miaka minne iliyopita.

Shikeni vizuri namba 0.7508, kwa sababu itarudi mara tatu. Paralaksi ni pembe ambayo kizio kimoja cha astronomia, yaani umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua, huonekana nayo kutoka kwenye nyota hiyo. Kwa hiyo pembe yoyote nyingine tutakayoipima pale, tukiigawanya kwa paralaksi, hugeuka moja kwa moja kuwa urefu halisi katika vizio vya astronomia. Anayelielewa jambo hili hahitaji kukariri fomula nyingine yoyote ya umbali.

Hatua ya nne: umbo la mzunguko

Hapa ndipo penye kazi ngumu zaidi, na ndipo wengi hukosea. Vipimo vya mwachano na mwelekeo vilivyokusanywa kwa miongo mingi vikichorwa kwenye karatasi, nyota A ikiwekwa mahali pamoja, nafasi za B hufanya duaradufu. Lakini duaradufu hiyo si njia halisi ya B. Ni kivuli cha njia halisi juu ya anga, kwa kuwa mzunguko umelala kwa mshazari kuelekea kwetu.

Kuna dalili ya kulithibitisha jambo hili. Kwa mujibu wa sheria ya kwanza ya Johannes Kepler, nyota A ingepaswa kuwa kwenye fokasi ya duaradufu ya kweli, yaani moja ya nukta mbili maalumu zilizo ndani yake. Katika duaradufu iliyochorwa kwenye karatasi, A haiko kwenye fokasi, imekaa pembeni. Kiasi cha kupotoka huko ndicho kinachowawezesha wataalamu kukokotoa mshazari wenyewe. Kwa jozi hii mshazari ni digrii 79.2, ambapo digrii 0 humaanisha kuutazama mzunguko kutoka juu na digrii 90 humaanisha kuutazama ubavuni kabisa. Tunauona, basi, karibu ubavuni, na ndiyo sababu nyota zinaweza kuonekana zimekaribiana angani hata wakati ambapo kwa kweli ziko mbali.

Baada ya mshazari kuondolewa, mzunguko wa kweli una sifa tatu ambazo tutazitumia:

- Muda wa mzunguko mmoja: miaka 79.76.
- Nusu ya kipenyo kirefu cha duaradufu: sekunde za tao 17.493.
- Kiwango cha mvurugo wa duara, yaani kadiri njia inavyotofautiana na duara kamili: 0.519, ambapo 0 ni duara kamili.

Sasa itumieni paralaksi kwa mara ya kwanza:

17.493 ÷ 0.7508 = vizio vya astronomia 23.3

Huo ndio umbali wa wastani kati ya A na B. Kwa sababu njia si duara, umbali wenyewe hubadilika sana. Wa karibu kabisa ni 23.3 × (1 − 0.519), yaani vizio 11.2, zaidi kidogo ya umbali wa Zohali kutoka kwenye Jua. Wa mbali kabisa ni 23.3 × (1 + 0.519), yaani vizio 35.4, kuupita mzunguko wa Neptuni. Zilikaribiana hivyo mara ya mwisho mwaka 1955, na zitakaribiana tena mwaka 2035.

Mwendo nao unafuata. Wastani wa kasi ya B ikitazamwa kutoka A ni kilomita 8.7 kwa sekunde. Hupanda hadi takriban 15.5 pale zinapokaribiana na kushuka hadi 4.9 pale zinapoachana. Nyota hizi hutumia sehemu kubwa ya miaka yao 80 zikiwa mbali, zikitembea polepole, na hupita sehemu ya karibu kwa haraka.

Hatua ya tano: masi

Sheria ya tatu ya Kepler, baada ya Isaac Newton kuipa maana yake kamili, husema kwamba jumla ya masi za nyota mbili ni sawa na umbali wa wastani uliopandishwa kwenye kipeo cha tatu, ukagawanywa kwa muda wa mzunguko uliopandishwa kwenye kipeo cha pili. Umbali ukiwa katika vizio vya astronomia na muda katika miaka, jibu hutoka moja kwa moja katika masi za Jua:

23.3 × 23.3 × 23.3 = takriban 12,648

79.76 × 79.76 = takriban 6,362

12,648 ÷ 6,362 = 1.988

A na B kwa pamoja zina masi ya Jua mara 1.988. Katika kikokotoo tumieni 23.299 badala ya 23.3 ili jibu lisipotoke katika tarakimu ya mwisho.

Kabla ya kuendelea, fanyeni jaribio moja ambalo naliona la lazima kwa kila anayejifunza. Rudieni hesabu kwa paralaksi iliyo pungufu kwa asilimia 1, yaani 0.7433. Umbali wa wastani utaongezeka kwa asilimia 1, lakini masi itaongezeka kwa asilimia 3, kwa sababu umbali umeingia kwenye kipeo cha tatu. Machapisho mbalimbali hutoa masi zinazotofautiana kidogo kwa nyota hizi, na chanzo kikubwa cha tofauti hizo kiko hapa. Chombo cha angani cha Gaia, ambacho kimepima paralaksi za nyota zaidi ya bilioni moja, hakikuweza kutatua tatizo hili, kwa kuwa A na B ni angavu mno kwa vihisio vyake.

Jumla haitoshi, tunataka kugawa. Nyota mbili hazizungukani kwa namna ambayo moja imetulia na nyingine inatembea. Zote mbili huzunguka kitovu cha masi kilicho kati yao, na iliyo nzito hutembea umbali mfupi zaidi. Tofauti hiyo hupimwa kwa spektra, yaani nuru ya nyota iliyotawanywa katika rangi zake. Nyota inapotukaribia, mistari myeusi ya spektra yake husogea kuelekea samawati. Inapotuacha, husogea kuelekea nyekundu. Mfumo mzima unatukaribia kwa takriban kilomita 22 kwa sekunde, na juu ya kasi hiyo A na B kila moja hupanda na kushuka kwa zamu, moja ikizidi wakati nyingine inapungua.

Ukubwa wa kupanda na kushuka kwa A ni mara 0.843 ya ule wa B. Kwa hiyo masi ya B ni mara 0.843 ya masi ya A. Kilichobaki ni mgawanyo:

Masi ya A = 1.988 ÷ (1 + 0.843) = 1.079

Masi ya B = 1.988 − 1.079 = 0.909

A ni nzito kuliko Jua kwa asilimia 8 hivi, na B ni nyepesi kuliko Jua kwa asilimia 9. Spektra hutupatia faida ya pili ambayo haitajwi vya kutosha: kasi zake ziko katika kilomita kwa sekunde, si katika pembe. Ukilinganisha mzunguko uliopimwa kwa kilomita na mzunguko huohuo uliopimwa kwa sekunde za tao, unapata umbali wa nyota bila kutumia paralaksi ya Dunia hata kidogo. Njia mbili zisizotegemeana zikitoa jibu moja, mtafiti ana haki ya kuliamini.

Hatua ya sita: mwangaza halisi

Jua likiwekwa umbali wa parsek 10 lingekuwa na mwangaza wa 4.83 kwenye kipimo cha nyota. Ili kulinganisha, tuweke A na B kwenye umbali huohuo. Kwa parsek 1.332, marekebisho ni kuongeza 4.38 kwenye mwangaza unaoonekana. A inakuwa 4.39 na B inakuwa 5.71.

Kila hatua moja ya kipimo hiki ni tofauti ya mara 2.512. A iko juu ya Jua kwa hatua 0.44, na 2.512 kwenye kipeo cha 0.44 ni 1.50. B iko chini ya Jua kwa hatua 0.88, na hesabu hiyohiyo, kwa kipeo cha −0.88, hutoa 0.44.

Namba ya B inahitaji kusahihishwa. Tumehesabu nuru ionekanayo na jicho tu, na B, kwa kuwa ni baridi kuliko Jua, hutoa sehemu kubwa zaidi ya nishati yake katika miale ya infraredi ambayo jicho halioni. Ikijumuishwa, mwangaza wa B hupanda hadi mara 0.498 ya Jua. A, ambayo inafanana sana na Jua kwa rangi, karibu haibadiliki: 1.506. Angalieni kwamba A ina masi kubwa kuliko B kwa asilimia 19 tu, lakini inang'aa mara 3 zaidi. Shinikizo la masi ya ziada hupandisha joto la kiini, na muunganiko wa hidrojeni kuwa heliamu huitikia ongezeko hilo la joto kwa nguvu kubwa.

Hatua ya saba: kipenyo

Nyota nyingi ni nukta tu hata katika darubini kubwa. Hizi mbili ziko karibu kiasi kwamba sahani zake, yaani maduara yanayoonekana ya nyota zenyewe, zimepimwa kwa kuunganisha nuru ya darubini kadhaa za kituo cha Paranal nchini Chile. Kipenyo cha A ni sekunde za tao 0.008502, na cha B ni 0.005999, baada ya kuzingatia kwamba ukingo wa nyota huonekana hafifu kuliko katikati yake.

Tumieni paralaksi kwa mara ya pili na ya tatu:

A: 0.008502 ÷ 0.7508 = kizio 0.01132

B: 0.005999 ÷ 0.7508 = kizio 0.00799

Kipenyo cha Jua ni kizio 0.0093. Gawanyeni, na A ni pana kuliko Jua mara 1.22, na B ni mara 0.86 ya Jua.

Hatua ya nane: joto la uso

Nishati itokayo kwenye uso wa nyota hutegemea eneo la uso huo na joto lake lililopandishwa kwenye kipeo cha nne. Kwa hiyo chukueni mwangaza halisi, ugawanyeni kwa upana wa nyota ukilinganishwa na Jua uliopandishwa kwenye kipeo cha pili, tafuteni kipeuo cha nne cha jibu (bonyezeni kipeuo cha pili mara mbili), kisha zidisheni kwa kelvini 5,772, ambalo ni joto la uso wa Jua. Tumieni upana wenye tarakimu nyingi zaidi, 1.2175 na 0.8591.

A: 1.506 ÷ 1.482 = 1.016, kipeuo cha nne ni 1.004, joto ni kelvini 5,795.

B: 0.498 ÷ 0.738 = 0.675, kipeuo cha nne ni 0.906, joto ni kelvini 5,231.

Hakikisheni kwa macho. Katika darubini A huonekana ya manjano na B huelekea kwenye rangi ya chungwa, na spektra zake zimewekwa katika madaraja ya G2 na K1, la kwanza likiwa ndilo daraja la Jua.

Hatua ya tisa: yale yanayofuata yenyewe

Mwenye masi na upana ana msongamano na mvutano wa uso bila kipimo kipya. Msongamano ni masi kugawanywa kwa upana kwenye kipeo cha tatu: A ni 0.60 ya Jua, na B ni 1.43. Kwa kuwa wastani wa Jua ni gramu 1.41 kwa kila sentimita moja ya ujazo, A ni gramu 0.84, chini ya msongamano wa maji, na B ni gramu 2.0. Mvutano wa uso ni masi kugawanywa kwa upana kwenye kipeo cha pili: 0.73 ya Jua kwa A, na 1.23 kwa B.

Swali ambalo huulizwa mara nyingi ni jinsi B ingeonekana kutoka kwenye sayari iliyo kizio kimoja kutoka A. Gawanyeni 0.498 kwa umbali kwenye kipeo cha pili. Kwa vizio 11.2, B ingetoa sehemu moja kwa 250 ya nuru tunayoipata kutoka kwenye Jua. Kwa vizio 35.4, sehemu moja kwa 2,500. Mwezi mpevu hutupa takriban sehemu moja kwa 400,000. Kwa hiyo, hata ikiwa mbali kabisa, B ingeliangaza anga la usiku mara 160 kuliko Mwezi mpevu wetu, na kwa sehemu ya kila mwaka wa sayari hiyo usiku ungekosa giza kabisa.

Hatua ya kumi: Proxima ni ya mfumo huu?

Robert Innes aliigundua Proxima mwaka 1915 akiwa Johannesburg. Ina masi ya 0.12 ya Jua, iko miaka ya nuru 4.24 kutoka kwetu, na haionekani kwa macho matupu. Imeachana na A na B kwa takriban vizio vya astronomia 13,000, na kwa muda wa karne nzima haikujulikana kwa uhakika kama imefungwa na mvutano wao au inapita tu.

Jibu hupatikana kwa kulinganisha kasi mbili. Kasi ya kuponyoka, kwa kilomita kwa sekunde, ni 29.8 mara kipeuo cha pili cha (2 × jumla ya masi ÷ umbali). Kwa masi ya pamoja ya 2.11 na umbali wa 13,000:

29.8 × kipeuo cha pili cha 0.000325 = kilomita 0.54 kwa sekunde

Vipimo vya spektra vilivyotangazwa mwaka 2017 vilionyesha kwamba Proxima inatembea kwa takriban kilomita 0.27 kwa sekunde ikilinganishwa na A na B. Ni nusu ya kasi inayohitajika kuponyoka, kwa hiyo imefungwa, na mzunguko wake mmoja huchukua takriban miaka 550,000.

Zoezi: Sirius

Anayetaka kuhakikisha kwamba ameielewa njia na hakukariri namba, aitumie kwa nyota angavu kuliko zote za usiku. Sirius nayo ni maradufu. Paralaksi yake ni sekunde ya tao 0.379, nusu ya kipenyo kirefu cha mzunguko ni sekunde 7.496, na muda ni miaka 50.13. Hatua ya nne itawapa vizio vya astronomia 19.8, na hatua ya tano jumla ya masi ipatayo 3.08. Masi ya mwenzi hafifu, Sirius B, ni mara 0.493 ya masi ya Sirius A. Kwa mgawanyo uleule A hupata 2.06 na B hupata 1.02, karibu sawa kabisa na Jua.

Bessel alikisia kuwepo kwa mwenzi huyo mwaka 1844 kwa kuona Sirius ikiyumba angani, na Alvan Graham Clark alimwona kwa darubini mwaka 1862. Ugumu ulikuja mwaka 1915, pale Walter Adams alipopata spektra yake na kuonyesha kwamba nyota hiyo, ingawa ni hafifu mno, ina joto kubwa. Rudini kwenye hatua ya nane: joto likiwa kubwa na mwangaza ukiwa mdogo, kinachoweza kupungua ni upana tu, na upana unaotoka ni takriban 0.008 ya Jua, chini kidogo ya ule wa Dunia. Kisha fanyeni hatua ya tisa kwa masi ya 1.02 na upana wa 0.008, na msongamano utatoka zaidi ya tani 2 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Jibu hilo ni sahihi. Sirius B ni kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kumaliza fueli yake, na kinachokizuia kisiporomoke si joto bali ni elektroni zilizobanwa kiasi ambacho sheria za kwanta haziziruhusu kubanwa zaidi.